Mkaguzi Asiyekaa

Mkaguzi wa jimbo hakai. Kila karakana anayoingia huku kusini mwa Texas, kuhakikisha kama biashara iliyoandikishwa kwa jina la mwanamke inaongozwa na mwanamke kweli, husimama karibu na mlango, kikombe cha kahawa mkononi, akikizungusha bila kunywa. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu aliye msibani. Haulizi mengi, anatazama tu nani amekalia kiti cha nyuma ya meza.

Kwa Odelia Cantú alimkuta baba mtu kitini. Mzee alikwisha kumwachia binti kampuni ya zege, lakini kiti je, nani angethubutu kumwinua? Odelia alisimama kando, na zabuni ya kujenga shule ilitegemea cheti cha mgeni huyu.

Fundi akachungulia. "Bosi, wingu limefunga. Tumwage zege?"

"Mwageni," mzee akasema.

Mkaguzi akaacha kuzungusha kikombe. Odelia alijua anachosubiri, akamchukia. Lakini mvua ilikuwa inakuja kweli.

"Msimwage," alisema. "Zege litaharibika. Baba, nisamehe."

Mzee akashika mikono ya kiti, akainuka polepole, akamsogezea binti yake. Kisha akatoka, kofia mkononi.

Mkaguzi hakumtazama akipita. Aliinamia viatu vyake kitambo, akavuta stuli, akakaa. Kahawa ilikuwa imeshapoa; akainywa yote.