Jino la Ukutani

Fundi Rangi alitoka katika ukoo usiochora uongo. Babu yake alipotakiwa kumchora kinyozi mlangoni pa kibanda chake, alimchora na upara wake. Baba yake alichora ng'ombe wa bucha hadi kovu la pajani. Watu wa namna hiyo hawatajiriki, lakini hakuna anayelitaja jina lao kwa kunong'ona.

Kwa hiyo mwenye duka la dawa alipotaka mtoto anayecheka achorwe ukutani mwake, aitangaze dawa ya meno, Fundi hakubuni mtoto. Alimchora binti yake wa miaka minne, kitindamimba wake. Kicheko kilikuwa na upana wa hatua nne, na kila jino lingetosha kuwa mlango wa banda la kuku.

Asubuhi moja mkewe, akimnawisha mtoto uso, aliona doa la kahawia kwenye jino la mbele, juu.

"Wewe baba, hebu njoo uone. Ni ile chupa ya maziwa ya sukari anayolala nayo mdomoni. Nilisema mimi!"

Fundi alitupa jicho mara moja, uso ukamshuka. "Basi nimekuwa mwongo," alisema.

"Mwongo kivipi?"

"Ukuta unasema ni jeupe."

Akabeba ngazi na kopo la rangi ya kahawia.

"Jino liko hapa chini, wewe unapanda juu!" mkewe alimpigia kelele.

"Hilo la chini ni la utoto, litang'oka lenyewe. La juu ukutani ndilo linaloonwa na watu."

Mwenye duka alipotoka na kuliona doa, nusura azimie. "Fundi, nimekukosea nini? Dawa yangu ndiyo inayoozesha?"

"Mimi sichori kisichokuwepo, mzee."

Mwenye duka angelifuta siku ileile, lakini saa chache baadaye kina mama, wateja wake, walianza kujazana chini ya ukuta. Walileta watoto wao, wakawapanua midomo na kuwalinganisha na ule mkubwa. Doa la mtoto wa Fundi lilipokua, Fundi alilikuza. Lilipopata weusi katikati, alitia weusi. Na kwa kuwa ndiye aliyekuwa juu ya ngazi, wakamuuliza kama daktari.

"Fundi, wangu ananyonya kidole. Meno hayatachomoza mbele?"

"Wangu anayasaga usingizini kama mashine ya unga!"

"Wangu dawa ya meno anaila. Kupigia mswaki hataki."

Fundi alijua kuta tu, kwa hiyo alijibu kwa kuta. "Ukuta unaolowa usiku kucha unashika rangi? Mnyang'anyeni chupa za maziwa." Wakaguna kwa heshima.

"Na lililotoboka je?" aliuliza bibi mmoja.

"Hilo unalipiga msasa, unaanza upya."

"Ukipige msasa kichwa chako!" bibi alimjibu. Mkewe, aliyekuwa akipita na kapu, alisonya. "Mganga hajigangi," alisema, akaenda zake.

Mtoto akaanza kulia kila anywapo maji baridi. Kila alipolia, Fundi alikwenda kuongeza weusi. Hakuwa mzazi mzembe; hakuna baba mtaani aliyelishughulikia jino la mwanawe kwa saa nyingi kama yeye.

Adhuhuri moja mtoto alikuja mwenyewe mpaka chini ya ngazi, mkono mdomoni.

"Baba, inauma."

"Wapi, mwanangu?"

Mtoto aliutoa mkono, akanyoosha kidole ukutani. "Pale. Lipake jeupe, liache kuuma."

Fundi alimtazama mtoto, akautazama ukuta. Kisha akachovya brashi kwenye rangi nyeupe na kulipaka jino lote, ukingo hadi ukingo. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa ukoo wake katika vizazi vitatu, na aliufanya mchana, mbele za watu. Mtoto alingoja mdomo wazi.

"Bado," alisema. "Ongeza."

Akapaka mkono wa pili wa rangi.

"Bado, baba."

Fundi alishuka. Alimbeba mtoto begani, rangi ya brashi ikimdondokea mgongoni, akaenda moja kwa moja kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mama mfupi asiye na maneno mengi. "Limetoboka, ila tumeliwahi, nitaliziba," alisema. "Na usiseme ni la utoto tu. Hilo ndilo linalolishikia nafasi la ukubwani."

Alipomaliza kuliziba, alimpa Fundi mswaki mdogo. "Haya, nionyeshe unavyompigia."

Fundi alipokea mswaki, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Unakwenda wapi?"

"Nipate kuona vizuri."

"Sogea, baba. Mtoto si ukuta."

Akasogea hadi pumzi ya mtoto ikampiga puani. Daktari alimwelekeza, jino baada ya jino, mbele na nyuma. "Yapo kumi juu na kumi chini. Usiruke hata moja."

"Kumi juu?"

"Umri huu ni kumi. Wewe ulidhani mangapi?"

Ule mstari wa juu ukutani Fundi aliuchora kwa kutazama mdomo wake mwenyewe kwenye kioo. "Kumi na sita," alisema kwa sauti ya mtu anayeungama.

Mkewe, aliyepashwa habari na kina mama, alikuwa ndiyo kwanza anaingia, anahema, kandambili moja mkononi. Alisikia yote. "Yaani tangu siku ya kwanza ulichora meno sita yasiyokuwepo? Nyie? Ukoo wenu?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Haya, kimbia ukayafute kabla watu hawajayahesabu!"

Fundi alikuwa amemshika mtoto kidevu, anasugua polepole, ulimi umemtoka pembeni.

"Hebu nyamaza, mama," alisema. "Utanipotezea hesabu. Niko la saba."