Koti la Mvua na Pasi ya Mama

Kila Jumamosi nikirudi kutoka milimani, kabla hata sijavua viatu, mama huniingiza mkono chini ya koti na kunipapasa mgongo. Nina mvi kidevuni, nina kazi ya kuandika vibali vya malori, na bado napimwa mlangoni kama mtoto aliyetoka kucheza matopeni. Mvua zilizopita nililazwa kwa homa ya mapafu. Nilipotoka hospitali mama aliniambia kwamba nikirudi tena mgongo umelowa, habari ya milima imekwisha. Nyumba ni yake, moja ya zile nyumba za kampuni ya mgodi hapa Kapata, aliyoachiwa na marehemu baba, na chini ya paa lile neno lake halina rufaa.

Angeninyima bia ningevumilia. Lakini wiki nzima nakula vumbi la malori, na Jumamosi tu ndipo natembea na wenzangu hadi juu ya vile vilima ambako miti haioti kwa sababu ya shaba iliyomo udongoni, kuna nyasi na upepo basi. Kule kifua changu kinafunguka. Sina raha nyingine katika mji huu.

Ndiyo maana nilinunua koti la mvua kwenye mitumba sokoni, la kijani, la watu wanaopanda milima kwa kupenda kama mimi. Muuzaji alilimwagia maji ya chupa, yakateleza kama juu ya jani la gimbi. Mwenzangu mmoja, muuguzi, alinieleza kwamba ndani ya kitambaa kuna utando wenye vitundu vidogo mno: tone la mvua halipenyi, ila mvuke wa jasho unatoka. Koti linapumua, alisema, mradi liwe safi na kitambaa cha juu kisinywe maji.

Alichosahau ni mvua zetu. Katika masika ya hapa hewa yenyewe imejaa maji, sasa huo mvuke utoke uende wapi? Nilipanda kilima, nikatoka jasho, jasho likabaki nami. Nilirudi bila tone la mvua kuingia, na mgongo chapachapa.

“Hii koti inaingizaka mayi,” mama akasema.

“Hapana, mama. Ni jasho.”

“Jasho ya wapi, na mvula iko inanyesha?”

Hebu mweleze wewe. Mimi nilishindwa. Siku ileile alilifua kwa sabuni ya unga na brashi, akalimiminia ile dawa ya kulainisha nguo inayonuka maua, akalikamua kama tambara la kupigia deki. Sisi asili yetu ni Kasai, na kwetu mtu akitoka na vumbi jekundu kwenye nguo, aibu ni ya ukoo mzima. Lakini ile dawa hubaki kwenye kitambaa na kuvuta maji. Jumamosi iliyofuata matone hayakuteleza tena. Koti lilikunywa mvua, likawa zito, na jasho likakosa kabisa pa kutokea. Sasa nilikuwa nimelowa pande zote mbili, na nimemthibitishia mama maneno yake.

“Njo ya mwisho hii, tata,” alisema, akiniita baba kama wanavyoitwa wana kwetu, mkono wake ukiwa bado mgongoni mwangu. “Ukirudia tena vile, unabakia hapa.”

Basi nikalifua mwenyewe. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya kipande, nikasuuza mpaka povu likaisha, nikalitundika kivulini nyuma ya nyumba bila kulikamua. Nikaenda kazini nimetulia.

Nilisahau nzi. Kwetu hakuna nguo inayoanikwa nje ikavaliwa bila pasi, hata soksi, hata chupi, kwa sababu yule nzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia mwilini. Kila mama mtaani anajua hilo. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mama aliwasha pasi ya makaa.

Nilikuta koti kitandani, limekunjwa vizuri sana. Mgongo ulikuwa umejikunyata, utando umefura malengelenge, kitambaa cha mikono kimegandana. Nikapiga kelele. Nilimwambia mama ameua koti, ameua na Jumamosi zangu, na kwamba hataki kusikia kitu chochote anachoambiwa. Sijawahi kumpandishia sauti namna ile.

Hakukasirika. Aliketi.

“Papa yako alikuwaka anatoka ku kazi na koti ya mubichi,” alisema. “Kila siku mi nilikuwa nainyoosha na pasi, mpaka inakauka. Kulifika siku makala ya kuwasha pasi ilikosa. Akaenda nayo vile mubichi. Njo kile kikohozi kikaanza.”

Mimi nilikuwepo daktari alipotuambia ni vumbi la mgodi, la miaka yote ile. Mama naye alikuwepo. Nilitaka kumkumbusha, badala yake nikaliokota koti. Nilikuwa na hasira, na nilimhurumia, na hasira haikupungua.

Jumamosi nilivaa lile koti lililoungua. Mvua ilitukuta juu, ikaingia kama mlango umeachwa wazi, na nilishuka natetemeka. Lakini nilikuwa nimebeba shati kavu kwenye mfuko wa plastiki. Mvua ilipokatika, nilibadilisha nyuma ya ukuta wa parokia, nikalificha koti ndani ya ule mfuko wa plastiki, nikapiga hatua hadi nyumbani.

Mkono wake ukaingia mgongoni. Ukapapasa juu, ukapapasa chini. Shati lilikuwa kavu, na mistari ya pasi yake bado imesimama.

Mama akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu nitoke hospitali.

“Unaona? Ile koti ilikuwa inakosa tu pasi.”

Nilimwambia ndiyo, mama, nikaingia chumbani haraka, nikafunga mlango na kuuma mto ili asisikie nikikohoa.