Kijiti cha Reli ya Ufukweni

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, kisha anyamaze anisikilize. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, si shoga yangu wala jirani aliyesimuliwa na mtu. Sinywi pombe, sina mapepo, na siku hiyo nilikuwa nimekula nikashiba. Tena ilikuwa Jumapili, jua halijazama.

Mimi nauza migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo pale ufukweni, chini ya kilima, Kigoma yetu hii hii. Benchi wanalokalia wateja wangu ni taruma la reli. Wageni huniuliza taruma limefikaje huku wakati stesheni iko kule. Nawaambia hapa palikuwa na reli, hawaamini. Hata vijana waliozaliwa hapa wanasema, "Mama, unatupiga kamba."

Ilikuwepo. Reli ndogo, tawi tu, ilitoka nyuma ya stesheni kubwa, ikazunguka kilima, ikashuka mpaka kwenye hoteli ya wageni iliyokuwa karibu na maji. Hoteli yenyewe sasa ni kuta mbili na mpapai. Siku za kazi ilibeba mizigo ya hoteli na wageni waliokuja kuogelea. Jumapili ilikuwa yetu sisi, familia za wafanyakazi wa reli. Kiberenge kimoja kinavuta mabehewa mawili ya wazi, viti vya mbao, turubai juu. Tunapanda na vikapu vya mihogo ya kuchemsha, mama zetu wamejifunga kanga mpya utadhani wanakwenda harusini. Watoto wa mtaani wanakimbia pembeni wanatuzomea, na sisi tunawatolea ulimi. Mkikata kona ya mwisho, ziwa lote hilo mbele yenu, na milima ya Kongo ng'ambo. Jamani, raha ile sijaipata tena, na ndege nimeshapanda.

Aliyeendesha kiberenge alikuwa baba yangu. Sasa, kwa kuwa njia ilikuwa moja, palikuwa na sheria: dereva haondoki bila kijiti. Walikiita kijiti, lakini ilikuwa fimbo ya mti mgumu, ndefu kama bakora, yenye pete ya shaba kichwani. Ilikuwa moja tu, na aliyeishika ndiye mwenye ruhusa ya kupita. Akifika juu anamkabidhi mkuu wa zamu mkononi. Si kuiweka mezani, mkononi. Hapo ndipo kazi yake ya siku inahesabika kwamba imekwisha. Baba hakuwa na mzaha kabisa na jambo hilo.

Siku tawi lilipofungwa, alipandisha kiberenge kitupu akakuta ofisi ina kufuli. Mkuu wa zamu alikuwa ameshahamishwa, hakuna wa kumkabidhi. Akarudi nacho nyumbani Rusimbi, akakisimamisha nyuma ya mlango, akangoja waje kukichukua. Walikuja watu wakang'oa reli, wakabeba chuma chao, kijiti hakuna aliyekiulizia. Baba akazeeka, akafa, kijiti kiko nyuma ya mlango. Miguu ya mama ilipoanza kumsumbua, akakifanya bakora yake.

Basi Jumapili hiyo manyunyu yalikuwa yamenifukuzia wateja. Nimeinama nageuza samaki, nikasikia, "Shikamoo, mama."

Nikainua macho. Kijana, umri wa wanangu, kavaa kaki iliyopigwa pasi, kofia kichwani, filimbi kifuani, kovu kidevuni. Nikadhani ni wale wapimaji wanaokuja kila mara kututisha kwamba tutahamishwa. Nikaitikia marahaba huku nimenuna.

"Samahani, mama. Hujaona kijiti changu?"

"Kijiti gani?"

"Cha njia. Nina abiria hapo chini, watoto wamelowa, wanasikia baridi. Siwezi kuwapandisha bila kijiti."

Nikamwambia reli hapa ilishakufa, na kama anatafuta wa kumchezea aende mbele. Mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua. Hakukasirika. Aliangalia upande wa kilima kama mtu aliyeweka ugali motoni akasahau.

"Nadhani nimekiacha nyumbani," akasema. "Ukipita Rusimbi, mwambie Zabibu kiko nyuma ya mlango."

Niamini, mwiko ulinidondoka. Zabibu ni mama yangu mzazi. Siku hizi ni Bibi tu, mtaa mzima. Waliokuwa wakimwita Zabibu wote tumeshawazika. Kijana akashuka taratibu kuelekea zile kuta mbili, na manyunyu yale yalikuwa hayamlowanishi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilizima jiko nikaita bodaboda.

Nilimkuta mama amekaa kitandani, fimbo iko magotini. Nikamweleza yote. Akauliza kitu kimoja tu: "Ana kovu kidevuni?"

"Analo."

"Alikusalimiaje?"

"Aliniamkia shikamoo."

Mama akacheka kidogo, kisha akalia. "Baba yako huyo. Alikuwa hivyo nilipoolewa."

Nikakaa chini sakafuni. Baba ninayemkumbuka mimi ni mzee wa mvi anayekohoa usiku kucha. Sura ya ujana nilikuwa nimeshaisahau. Baba yangu mzazi kaniamkia shikamoo, nami nimemwitikia kwa kununa. Uchungu nilioupata sina pa kuupeleka.

Na fimbo ile, elewa, ndiyo iliyokuwa miguu ya mama. Bila hiyo hafiki uani. Tena ndiyo kitu pekee cha baba kilichobaki, maana nguo zake zote tulizitoa sadaka. Nikamwambia, "Mama, tukikitoa hatutakiona tena."

"Ego," akaniitikia kwa Kiha chetu, kwamba ndiyo, anajua. Akaifuta ile pete ya shaba kwa upindo wa kanga, akanipa. "Mpe mkononi. Usikiweke chini. Na usimwambie kama nimezeeka."

Nilifika ufukweni adhana ya magharibi inaanza. Alikuwa amesimama kwenye kuta. Nyuma yake, pale ninapopajua mimi kuwa ni majani na mpapai, palikuwa na kiberenge na mabehewa mawili, turubai juu, watu wamekaa kimya na vikapu vyao. Nilimtambua jirani yetu aliyekuwa akinisuka nywele. Nilikwenda mazishini kwake mimi.

Nikampa kijiti kwa mikono miwili. Alikipokea, akashusha pumzi. Nilimwona mabega yanalegea.

"Zabibu hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona leo hakuja?"

Nilikumbuka nilichoagizwa. Niseme nini? Nikasema la kwanza lililonijia, kama unavyomjibu yeyote anayekuulizia mtu wako. Nikasema, "Atakuja Jumapili."

Akatabasamu. "Basi nitamwekea nafasi mbele. Ahsante, mama, Mungu akuweke."

Nilitaka kumwita Baba. Neno lenyewe lilipotoka, alikuwa ameshapuliza filimbi. Kiberenge kikanguruma, kikakata kona ya kilima, yakabaki majani na mpapai na harufu ya dizeli.

Nilirudi nikamsimulia mama. Nilidhani atafurahi tu, na kweli alifurahi. Kisha akaniuliza, "Ulimwambia Jumapili ipi?"

"Sikutaja."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya safari.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya alasiri mama anaoga, anajifunga kanga yake nzuri, anashika ukuta taratibu mpaka mlangoni, anakaa. Nimemnunulia bakora nyingine, haitaki. Na mimi Jumapili sifungui biashara. Nakaa naye. Wateja wanalalamika, waache walalamike. Wiki iliyopita tulisikia filimbi sote wawili, mbali, upande wa kilima. Akataka kuinuka. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, bado, hiyo si yetu." Akakaa. Lakini mkono wake ulikuwa unavuta.

Kwa hiyo nawe unayenisikiliza, ukipita ufukweni kwetu akakuamkia kijana mwenye kaki ya zamani, mtazame usoni kwanza kabla hujamnunia. Na akikuulizia mtu wako unayempenda, mwambie hujui. Usimtajie siku. Mimi nilitaja Jumapili, na Jumapili zinakuja kila wiki.