Ukuta Wangu wa Himbi

Mimi ni muandishi wa vibao vya maduka hapa Goma, na nasema bila haya: mutu wa kunishinda kwa herufi hajazaliwa. Sasa mucheke.

Miezi saba nilitafuta mutu wa kununua nyumba yangu ya Himbi, nyumba ya mawe ya volkano niliyojenga mwenyewe. Komisioneri wangu, dalali wa nyumba Papa Deo, alikuwa anatuma wanunuzi kwa telefone, kisha ananiambia: "Walifika ku mulango, wakarudia." Nilimuita muvivu mbele ya bibi yake. Halafu nikawaza labda ukuta umechakaa. Nikanunua rangi nyekundu, nikarudilia maandishi yote ya ukutani, herufi moja moja, mpaka wapita njia wakasimama kuangalia. Kichwa kilinivimba.

Kesho yake Papa Deo akaja mwenyewe na mama mumoja munene wa heshima. Nilitoka na kravati.

"Papa, ni weye unauzisha hii nyumba?"

"Ni mimi, mama."

"Na haya maandishi, nani aliandika?"

"Ni mimi pia! Hata Bukavu hawawezi."

Mama akasoma kwa sauti, majirani wote wanasikia: "HII NYUMBA HAIUZISHWE."

Niliyaandika miaka miwili iliyopita, kwa kuogopa wale wezi wenye kuuzisha nyumba za watu. Tangu siku hiyo nilikuwa naona uzuri wa herufi tu.

Papa Deo akakohoa.

"Mama, umusamehe. Kuandika anajua. Kusoma ndiyo kunamushinda."