Futi Haikupima Sukari

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Manyunyu yanaanguka na mwanga ni hafifu. Karibu na dirisha, Mama Vifungo, fundi cherehani wa miaka sitini na miwili, analainisha ncha ya uzi kwa ulimi na kuielekeza kwenye tundu la sindano. Anakosa. Anakosa tena. Mara ya tatu uzi unapita.

"Zamani ningeupitisha huku nikimsengenya mtu," anasema.

Saa nne atapimwa macho. Daktari wa macho ataamua kama ataendelea kushona.

Ameishi na kisukari miaka kumi na moja. Mwaka jana alianza kujidunga, mara moja kwa wiki, dawa inayoshusha sukari na kupunguza uzito. Aliifuatilia kwa njia anayoijua: kila Jumapili alijipima kiuno kwa futi, utepe wake wa kupimia nguo, na kuandika inchi ukutani kwa chaki ya kitambaa. Kutoka arobaini na nne alifika thelathini na nane.

"Nikajua na ugonjwa umepungua hivyohivyo. Kwa fundi, futi haibishiwi."

Akaacha kwenda kliniki ya kisukari. Dawa iliyobaki akampa mdogo wake, muuza viatu asiye na kisukari, aliyesikia redioni kwamba inachelewesha uzee.

"Dada alipanda ngazi kama binti, mimi nahema nyuma," mdogo mtu anajitetea. "Ningeiacha?"

"Ukatapika siku tatu. Huo ndio ujana?"

"Dada, yaishe."

Miezi minne baadaye, Mama Vifungo alishona mikono ya shati ndani nje asione kosa. Alipopimwa, sukari yake ilikuwa mara tatu ya kiwango cha kawaida, na imeanza kudhuru macho.

Daktari wake wa kisukari anaeleza kwamba watafiti bado wanachunguza iwapo dawa za aina hii zinaweza kuwasaidia watu kuzeeka wakiwa na afya. Dalili za matumaini zipo. Jibu kamili bado. "Lakini dawa haiazimwi kama chumvi," anasema. "Na futi haioni damu."

Mama Vifungo amerudi kwenye matibabu. "Siombi ujana," anasema, akikunja kazi yake. "Naomba nizeeke nikiiona sindano."

Adhuhuri majibu yalitoka. Daktari wa macho aliandika kwamba jicho la kulia ni zima, la kushoto litatibiwa, na fundi ashone mchana tu. Mdogo mtu alimshika dada yake mkono hadi nyumbani, kisha akaenda kufungua duka. Mama Vifungo alifuta inchi zote ukutani, akaandika tarehe ijayo ya kliniki, akaketi kwenye cherehani.