Kila Jumamosi Mume Wangu Anaozeshwa Hotelini

(Barua hii imetufikia kutoka pande za Geita. Majina yote tumeyaficha kama mwandishi alivyoomba. Wasomaji, someni mpaka mwisho ndipo mseme.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kagongwa, nina ndoa ya kanisani na watoto wawili. Mume wangu, nitamwita Baba Yohana, ni Msumbwa wa Runzewe. Zamani alichimba dhahabu Geita. Kifua kilipoanza kumsumbua aliacha, tukapata kazi ya muziki katika hoteli ya mapumziko kando ya ziwa, upande wa Chato. Yeye alipiga gitaa, mimi niliimba, na wenzetu wawili walishika ngoma na tarumbeta. Mabwana wa migodi na wanunuzi wa pamba walikuja na wake zao kucheza dansi, na sikuwahi kusikia mtu akilalamika.

Mwaka jana hoteli ikauzwa. Mzungu aliyeinunua alibomoa vyumba vya bati, akajenga misonge ya nyasi, akatundika ngao na mikuki ukutani, akapaita Kijiji cha Kale. Kisha mkewe akatuita. Alisema muziki wetu haufanani na nyumba zake, kwamba mgeni hawezi kukaa kwenye msonge huku anasikia tarumbeta. Alitaka kila Jumamosi alasiri ifanyike arusi ya kienyeji mbele ya wageni.

Tulipofika nyumbani nilimwambia mume wangu, "Mbona jikoni wanaoka keki, na ndani ya misonge wameweka magodoro? Ni sisi tu tunaotakiwa kufanana na nyasi?"

Akanijibu, "Mama Yohana, watu wanasafiri kuja kuona kijiji. Ukiwapigia dansi wataona wamedanganywa. Yule bibi ana haki."

Jibu hilo lilinishangaza. Huyu ni mtu aliyekuwa tayari kugombana na yeyote atakayegusa gitaa lake, na sasa alikuwa analiweka chini bila hata kununa.

Bwana arusi akachaguliwa yeye, maana ana umbo. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya huyu mtoto wa pili, wakasema bibi arusi hawezi kuwa na tumbo. Akaletwa msichana wa kijiji cha jirani, nitamwita Milembe, ambaye mama yake huuza samaki pale jikoni. Mimi nikapewa kazi ya kuongoza nyimbo za kumtoa bibi arusi. Yaani nilisimama na mimba yangu, nikimwimbia msichana aliyepakwa samli na kuvishwa shanga aende nyumbani kwa mume wangu, na wageni wakipiga makofi.

Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nikaanza kuona mambo. Mume wangu alianza kunyoa ndevu kila Ijumaa bila kuambiwa. Kisha yakaja mazoezi, katikati ya wiki, mimi sikuitwa. Nikamwuliza, "Arusi ni ileile kila Jumamosi, mnafanyia nini mazoezi?" Akasema, "Bibi anataka tuonekane tunapendana kweli." Tangu siku hiyo usingizi ulipungua.

Siku moja asubuhi tulikuwa njiani kwenda hotelini, tukakutana na mama yake Milembe na kapu lake la samaki. Alipomwona mume wangu aliacha njia, akaingia majanini, akajifunika uso kwa kanga na kutugeuzia mgongo mpaka tulipopita. Mimi ni Msukuma. Najua ni mwanaume gani mwanamke humkimbia namna hiyo. Ni mume wa binti yake.

Nilimfuata jikoni peke yangu. Nikamsalimu shikamoo, nikamwuliza, "Mayu, mama yangu, kwa nini unamkwepa mume wangu?"

Hakukasirika. Alisema, "Mwanangu, binti yangu ametolewa nje mbele za watu, ameimbiwa, amekabidhiwa mwanaume. Nyinyi mnaita mchezo. Kijana aliyekuja kumposa amerudi kwao, anasema hawezi kuoa mke wa mpiga gitaa. Sasa mimi nimwite nani huyo, kama si mkwe?"

Aliyemwimbia ni mimi.

Haukupita muda mrefu, wajomba wa Milembe wakaja kwetu. Walikaa, wakanywa maji, wakasema kwa upole. Ama Baba Yohana alete ng'ombe amchukue binti, ama asimame kijijini mbele ya watu aseme kwamba ulikuwa mchezo na hajawahi kumjua, ili msichana aolewe kwa heshima. Mimi nikamtazama mume wangu, nikijua atachagua la pili palepale. Yeye akaomba apewe muda wa kufikiri. Wamempa mpaka pamba ivunwe.

Nilikwenda kwa bibi mwenye hoteli. Aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba atatafuta bibi arusi mwingine, kwa kuwa wageni wanaipenda arusi kuliko kitu chochote. Jumamosi iliyofuata akaletwa msichana mpya. Mimi nilikataa kuimba, nikafukuzwa. Mume wangu bado anakwenda.

Nilimwuliza waziwazi kama amewahi kumgusa Milembe. Akasema namhoji kama askari. Nikamwuliza kwa nini basi asiende kijijini akaseme. Akaangalia mikono yake, akasema, "Mama Yohana, siku nyingine hata mimi sijui kama nimeoa au sijaoa."

Ndugu zangu, pamba imeanza kupasuka. Kanisa langu haliruhusu mke wa pili, na msichana yule ameharibiwa jina nami nikishika wimbo. Niende kijijini niseme mwenyewe kwamba ulikuwa mchezo, wakati moyoni sina hakika? Au nichukue wanangu nirudi Kagongwa? Nipeni neno. Mwanamke afanye nini na jibu kama lile?