Kitufe cha Nyongeza

Siku ATM ya maziwa ilipoletwa kwenye kibanda chetu hapa Voi, sikuweza kuketi. Ilikuwa chuma kitupu kinachong'aa, ndefu kunizidi. Mtu anachagua kiasi, analipa kwa sarafu au kwa simu, anatega chupa yake, na maziwa baridi yanashuka yenyewe. Mimi, mzee wa sabini na kitu, nilibonyeza na kubonyeza hadi fundi akacheka. "Mzee, utayamaliza wateja hawajaonja!"

Furaha ile ilikuwa na doa, na doa lenyewe nililitia mimi. Mashine niliinunua kwa kuuza ng'ombe wawili wa mke wangu kule kwetu Mghange. Alikuwa Taveta akimuuguza dada yake, nami sikumngoja. Alipopata habari alisema "Haya" kwenye simu, akakata. Aliporudi alikwenda moja kwa moja nyumbani mlimani. Kibandani, alikouza maziwa kwa kikombe miaka yote, hakukanyaga tena. Mashine ningeweza kuirudisha kwa aliyeniuzia. Mke wangu sikujua nitamrudishaje.

Nikajiambia mauzo yakichangamka atalainika. Mteja wa kwanza alikuwa mama anayeuza chai stendi. Akatega birika lake, mashine ikamimina, ikakoma. Yeye hakuondoka.

"Mbona imenyamaza?"

"Imemaliza, mama."

"Na nyongeza?"

"Imo humo humo. Nilimwambia fundi azidishe kipimo."

"Humo wapi? Mimi sijaiona ikiingia!" Akaipiga mashine kofi. "Kidude hiki kina mkono wa birika!"

Waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Mmoja akasema afadhali mtu anayepima kwa kikombe, huyo angalau ana aibu. Wiki haikuisha wakawa wananipita wakienda kwa jirani anayeuza maziwa ya ndoo. Kwa kweli, kwa bei ile ile, maziwa yangu yalikuwa mengi kuliko yake, na hakuna aliyejali.

Nikampigia mke wangu.

"Nimekosa," nikasema. "Niliuza kisichokuwa changu. Na sasa wateja wako wananikimbia."

Akauliza, "Wanasemaje?"

"Wanataka nyongeza."

"Huwapi?"

"Nawapa. Nimeichanganya ndani ya kipimo."

Akacheka hadi akakohoa. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu ng'ombe waondoke. "Wewe mzee! Nyongeza asiyoiona mtu, atakushukuru kwa lipi?"

Kesho yake asubuhi akateremka na gari linaloleta maziwa. Hakunisalimu. Aliizunguka mashine, akaigonga ubavuni, akaonyesha kitufe cha mwisho chini. "Hiki ni cha kazi gani?"

"Hakina kazi," nikasema.

"Mwite fundi akipe kazi."

Fundi alikuja, akarudisha kipimo sawasawa, na kitufe kile akakiwekea tone dogo tu, kama mafunda mawili. Nilitaka kuwatangazia watu. Mke wangu akanizuia kwa jicho.

Mama wa chai alipita akielekea kwa jirani. Mke wangu akamwita, naye akaja mbio, wakashikana mikono na kuulizana habari za wagonjwa na watoto. Birika likategwa. Mashine ikamimina, ikakoma. Mama wa chai akaikunjia uso. Mke wangu akamtazama machoni, akanyoosha kidole taratibu, akabonyeza.

Maziwa yakashuka tena.

"Heee!" mama wa chai akapiga kelele. "Kumbe kinajua!"

Moyo wangu ulidunda kama wa kijana. Watu wakavuka barabara kuja kuona chuma kinachotoa nyongeza. Mlolongo ukafika kwa fundi viatu, na wengine walilipa huku wakicheka kabla hawajapewa kitu. Nami nikaingiza mkono nibonyeze angalau mara moja.

"Toa mkono," mke wangu akasema. "Wewe utawapa wote sawa, kama serikali. Kwa kazi hii lazima ujue nani ana mtoto mchanga, na nani amekuja kujaribu tu. Nenda nje uite watu."

"Na wewe?" nikauliza. "Utarudi Mghange jioni?"

Akajifunga leso kiunoni bila kunitazama. "Hasira zangu hazijaisha," akasema. "Lakini wateja hawa ni wangu. Nitalala hapa."

Nikatoka barabarani nikaanza kuita kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo.